Jina la Mlango wa Banda la Kuku

Mama,

Nimekuita hivyo tangu ulipozaliwa na hujawahi kuniuliza kwa nini. Labda ulidhani ni kubembeleza tu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, wa pili la mama wa mama yake, na akishapewa, basi ndiye huyo mama, si mzaha. Dada yako Wairimu ni mama mkwe wangu, ndiyo maana namwogopa hata akiwa na makosa. Wewe ni Nyambura, mama yangu. Leo nina neno la kumwambia mama yangu na neno la kumwambia binti yangu, na yameingiliana, siwezi kuyatenga. Utayatenga mwenyewe.

Salamu sikupi. Tulisalimiana asubuhi, wewe umenuna, mimi nimenuna, ukanywa chai umesimama kama mtu anayengoja basi, ukaenda kusukwa. Msusi wako wa hapa Toronto, mtaa wa Malvern, namjua, hawezi kukuachilia kabla ya jioni, maana mdomo wake una kasi kuliko vidole. Kwa hivyo meza ya jikoni ni yangu leo. Sanduku lako liko sebuleni, mdomo wazi, na kesho saa kama hizi utakuwa njiani kwenda Uskoti. Mambo ya soksi nzito, ya kula vizuri, ya kupiga simu Jumapili, nimeyasema mpaka baba yako akaongeza sauti ya televisheni. Sitayarudia. Na nitaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili unakisikia chote kisha unajibu kwa Kiingereza, na barua haijibiwi papo hapo. Hiyo ndiyo raha yake.

Nianzie Jumatano, mezani.

Ulikuja na ile kompyuta yako hadi kwenye sahani. Sipendi hivyo, unajua, lakini nilinyamaza kwa sababu uso wako ulikuwa umechangamka. Ukasogeza bakuli la ndengu, ukanionyesha ramani ya zamani ya Uskoti, yale maandishi ya mkono yaliyopindapinda, vijiji na mashamba ambayo leo, ulisema, mengine ni mawe tu na kondoo. Hiyo ndiyo kazi unayoiendea: kukusanya majina ya mashamba ya zamani, kupita kwa wakulima ukiwauliza baba zao waliita nini shamba hili na konde lile, kabla wazee hawajaisha. Sawa. Kanisani nimewaambia wote kwamba unaenda kufanya shahada ya pili. Shahada ya nini, huwa sisemi, kwa sababu nikisema wananitazama.

Kisha ukaweka kidole mahali. "Mum, si hili ndilo jina la shamba mlipozaliwa? Uncle Njoroge aliniambia kwa simu. Mzungu wenu alitoka hapa. Nitaenda kupaona."

Drumgarrow.

Nilikujibu vipi? Nilisema, "Yaani umesoma miaka yote hii ukawatafutie wazungu majina ya mashamba yao? Kwani yamepotea? Na kama yamepotea, sisi ndio tuliyaficha? Wewe huna kwenu?" Niliona nimekuumiza na bado nikaongeza mawili matatu. Ukaweka chapati chini, ukasema kwa kile Kiingereza chako cha taratibu, "Mum, kwetu ni wapi? Hujawahi kuniambia jina hata moja. Kila nikiuliza, unasema ushago."

Nikainuka nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Ni kweli, nilikuwa nasema ushago, yaani kijijini tu, kana kwamba ushago ni mahali. Ni kama mtu akuulize unakaa wapi Toronto, umwambie nakaa nyumbani. Tangu Jumatano najiuliza kwa nini nilikunyima, na kila jibu ninalopata linakataa kukaa na lile la jana yake. Basi acha nikusimulie tu, tuone.

Mzungu wetu alikuwa na kibao kwenye lango kuu, ubao mzito mweusi wenye maandishi meupe: Drumgarrow. Sisi wa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari chini ya kilima, hatukulitumia jina hilo. Lilikuwa la barua na magunia. Sisi tulipaita Kwa Mluzi, kwa sababu yule mzee alikuwa haongei na mtu, anapiga mluzi. Mluzi mmoja wa mbwa, mwingine wa farasi, mwingine wa watu wa pareto. Mama yangu alikuwa mchuma pareto, na mluzi wake aliujua hata usingizini. Ukiulizwa unatoka wapi ulisema Kwa Mluzi, na kuanzia pale hadi Molo hakuna aliyekuuliza mara ya pili.

Uhuru ulipokuja, mzungu akakaa kidogo, kisha akauza akaondoka. Kampuni ya wananchi ikanunua, shamba likakatwa vipande, na waliokuwa na hisa wakapata. Mama alipata kipande, kile cha mteremko ambacho hakuna aliyekitaka. Wengi wa laini hawakuwa na hisa. Walifunga virago wakatawanyika, na jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Chebet, alikuwa mmoja wao. Baada ya wao kwenda ndipo ulipofanywa mkutano, mahali pakapewa jina jipya: Heshima. Shule ya Heshima, zahanati ya Heshima, chifu wa Heshima. Kumbuka hilo, kwamba jina lilikuja watu wakiwa wameshaondoka, maana nitalirudia.

Kile kibao kilikuwa kimeanguka langoni. Mama hakuwa mtu wa kuacha ubao mzuri uoze. Alikibeba kichwani, akakikata pembeni kidogo, akakifanya mlango wa banda la kuku. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Kufunga kuku jioni ilikuwa kazi yangu, na kila jioni nilikuwa nikisimama mbele ya yale maandishi. Mjomba wako Njoroge, aliyekuwa darasa la pili na maringo ya darasa la pili, akanifundisha herufi zake moja moja kwa kijiti. Hilo ndilo neno la kwanza nililosoma duniani, Mama. Kabla ya jina langu, kabla ya jina la Yesu. Nililisoma likiwa limepakwa kinyesi cha kuku.

Sasa wewe unaniwekea mlango wa banda langu la kuku katikati ya Uskoti, chapati zinapoa. Nilihisi nini? Mpaka leo sijui. Hasira ndiyo iliyofika kwanza, nikaitumia hiyo. Nyuma yake kulikuwa na kitu kama hamu ya nyumbani, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana kwetu hakuwezi kuwa jina la mzungu. Au kunaweza? Wewe ndiye uliyesoma.

Na wewe nawe hukunisaidia. Uliniambia huko kwao mkulima huitwa kwa jina la shamba lake. Watu hawasemi bwana fulani, wanasema Drumgarrow amekuja, Drumgarrow anauza ng'ombe. Sisi tulifanya kinyume, shamba tukaliita kwa jina la mtu. Ukaniambia pia kwamba watu wa kwanza wa Drumgarrow walifukuzwa na mwenye ardhi ili kondoo wapate malisho, wengine wakapanda meli wakaja huku huku Ontario, na ndiyo sababu hata barabara tunayoshukia basi ina jina la kijiji cha huko. Kwa hivyo yule mzee wa mluzi, babu yake alifukuzwa? Kisha yeye akaja akazungushia waya kilima cha watu? Nimhurumie? Nimejaribu, Mama, huku nikikunja nguo zako. Nikifika katikati, namkumbuka mama amesimama na kikapu mvuani, anasikiliza mluzi, na huruma inanikauka. Halafu inarudi tena. Sijui nifanye nini nayo.

Kuna jambo jingine, na hili litakuudhi. Jina la Drumgarrow nilikuwa nimeshamtajia mtu hapa Toronto kabla yako. Pale ninapofanya kazi ya kuwatunza wazee kuna bibi mmoja wa chumba cha mwisho, mzaliwa wa Uskoti. Hawatambui tena wanawe. Binti yake akija, bibi humwambia, "Weka chai hapo, dada." Lakini ukimwosha mgongo kwa maji ya moto, anaanza kutaja makonde ya shamba la baba yake, moja baada ya jingine: konde la kisima, konde la farasi kipofu, konde la mjane. Hakosei. Siku moja nikamwambia, "Mimi nami nilizaliwa Drumgarrow." Akanitazama juu mpaka chini, mwanamke mweusi ana taulo begani, akasema, "Basi wewe ni jirani." Wala hakushangaa. Nililia njiani, ndani ya basi, kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na ulipofungua mlango nikakuambia ni mzio wa maua.

Huyo nilimwambia kwa sababu angesahau. Wewe hungesahau, ungeuliza la pili na la tatu, na la tatu lingefika kwenye mazishi ya cucu wako, mama yangu.

Alipofariki ulikuwa bado mdogo, unapanda basi la shule hapa chini ya jengo. Karatasi zangu zilikuwa hazijatoka, na ningetoka Kanada nisingerudi. Hayo unayajua, nimeyasema mara nyingi. Usilolijua ni habari ya tangazo.

Kwetu mtu hazikwi kimya. Redio hutangaza jina lake, watoto wake, wajukuu, na mahali atakapozikwa, na watu huacha walichoshika wakasikiliza. Kwa kuwa sikuweza kwenda, nilisema angalau tangazo nitaliandika mimi. Nikanunua kadi ya simu pale kwenye maduka, nikampigia Njoroge, nikamsomea neno kwa neno. Akasema, "Dada, weka Kwa Mluzi. Watu wa zamani hawaijui Heshima." Nikamwambia, na nakumbuka nilivyosimama, mkono kiunoni, mbele ya duka la samaki, "Mama yangu hatatangazwa kwa mluzi wa mzungu. Ameitwa kwa mluzi maisha yake yote. Atazikwa Heshima." Njoroge akaandika hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa ng'ambo, na neno la mtu wa ng'ambo lina uzito hata likiwa la kijinga.

Baadaye wakaniletea video ya mazishi. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa hadi kwenye ua, maana Njoroge alitarajia umati. Walikuwepo watu wa kanisa, majirani wapya, chifu. Watu wa laini, wale waliochuma naye pareto, ambao watoto wao alikuwa amewapokea kwa mikono yake usiku wa kuzaliwa, sikuona hata mmoja. Kamera ilikuwa ikipita juu ya viti vitupu, na yule mpiga video, sijui alikuwa anafikiria nini, alipita polepole. Nikasema, kumbe binadamu husahau hivi. Nikawakasirikia kwa miaka. Ndipo nikaanza kusema ushago. Sikutaka kuwataja.

Halafu Mama Chebet akapata simu. Mwanawe alikutana na Njoroge mjini, Njoroge akampa namba yangu mbio mbio, gari likiondoka, na Jumamosi moja akanipigia, nikiwa napanga nguo za kufua. Sauti ilikuwa ile ile. Tulisalimiana, tukacheka, akaniuliza habari za baridi. Kisha akasema, "Na mama yako hajambo? Mwambie bado nina kisu chake cha mboga."

Nikamwambia, Mama Chebet, mama alishafariki, ilitangazwa redioni. Akasema, "Nilisikia Nyambura wa Heshima. Nikasema, maskini, watu wa Heshima wamefiwa, na huyu naye ana jina la rafiki yangu. Sikungoja majina ya watoto, nikaendelea kukoroga uji."

Nilikata simu, nikasingizia mtandao. Kesho yake nikampigia tena. Alilia, kisha akanisema, na alinisema vizuri, sikumkatiza. Kumbe wengi walisikia. Wengi walikoroga uji. Mimi nilidhani nampa mama jina zuri, la kutembea nalo kichwa juu, na jina hilo halikumwita mtu hata mmoja. Lakini hata leo, ukiniuliza kama ningetaka mama yangu atangazwe kwa jina la mluzi ule, siwezi kusema ndiyo. Nilidhani nikifika umri huu nitakuwa nimepata jibu.

Ndiyo maana ulipotaja kukusanya majina nilikurukia. Nilikuona unaenda kufanya kwa ajili ya watu wengine kazi ambayo mimi niliiharibu kwetu. Wewe hukuwa na kosa. Hata kidogo.

Sasa sikiliza. Ukifika Drumgarrow, usiwapelekee kesi yangu, wala shukrani. Ulisema nusu ya kwanza ya jina hilo ni mgongo wa mlima, na nusu ya pili ni kwamba una miamba, umekwaruzika. Kwetu pia nyuma ya laini kulikuwa na mgongo wa mlima, wenye mawe, unaopigwa na upepo hadi kuku wanatembea kando kando. Simama hapo utazame. Uniambie kama vinafanana. Nataka kujua kama yule mzee alipofika kwetu aliona kweli, au alikuwa na upweke tu. Sijui ni jibu gani nalitaka, kwa hivyo usinichagulie, niambie ulichoona.

Halafu Desemba. Njoroge anataka kuweka msalaba wa mawe kwenye kaburi la cucu, na karatasi zangu sasa ninazo, sina kisingizio. Naenda. Nakuomba uje kutoka huko tukutane, na uje na kile kinasa sauti chako cha kuwahojia wakulima. Mama Chebet bado yupo, macho yameisha lakini ulimi uko. Wazee wake walikuwa wakichunga pale kabla ya waya wa mzungu. Nilipokuwa mtoto alisema siku moja, akiwa anamenya viazi na mama, kwamba kilima kile kilikuwa na jina lake, na babu yake alilitumia kuwaita ng'ombe. Mama akaniambia, "Nenda ulete maji." Nikaenda nikaleta maji. Niliporudi walikuwa wameshafika kwenye habari nyingine, na sikuuliza tena maisha yangu yote. Wewe ndiye unayejua kuuliza. Ulinishinda Jumatano kwa swali moja.

Kwa simu sitaki. Nataka umkalie karibu.

Kuna tangazo jipya la kupeleka redioni. Nimeliandika hapa mara nyingi tangu uondoke asubuhi na kila nikilisoma naona majina yamepigana. Sijui lipi litangulie. Panga wewe, hiyo ndiyo kazi yako, na usinihurumie:

"Familia ya marehemu Nyambura, mchuma pareto, aliyeitwa Mama Njoroge, inawaalika nyote kwenye ibada ya kumkumbuka na kuweka msalaba, nyumbani kwake Heshima. Ndipo palipoitwa Kwa Mluzi. Ndilo lililokuwa shamba la Drumgarrow. Na kabla ya hapo paliitwa ... Wanaoitwa ni watu wote wa laini, popote mlipo, pamoja na watoto wenu. Tunaomba radhi kwamba mara ya kwanza hamkuitwa."

Nafasi ile nimeiacha wazi, utaijaza na Mama Chebet. Chini huwekwa jina la mwenye kutoa tangazo. Mara ya kwanza niliweka langu, na viti nimeshakuambia vilivyokuwa. Safari hii si langu, nimeandika hivi, na hapa usibadilishe kitu:

Limetolewa na Nyambura.